Dunia Iliyokwisha Haina Hodi

Singida,
14 Desemba 1998

Mwanangu Abdulrazaki,

Salamu zako ulizomtuma kondakta zimefika, marahaba. Mimi mzima. Baba yako kikohozi kimemwacha ila sauti haijarudi, kwa hiyo nyumba yake ina amani kidogo. Mvua zimeanza vizuri. Klara anasema kwao Mtinko wameshapanda uwele na alizeti, na kila asubuhi anafungua duka letu la uchapaji na matope hadi magotini. Wifi yangu Hanifa amekuja kutoka Iguguno kukaa nami mpaka eda yangu iishe. Ni mwema. Anasali sana na anasikia sana.

Nakushukuru kwa kunihamishia kompyuta kutoka dukani hadi chumbani kabla hujarudi Dar es Salaam baada ya hitima. Klara anapokea kazi, mimi nachapa humu humu ndani. Tangu uondoke nimechapa mihtasari ya kamati ya shule, kadi za harusi tatu, na barua ya mtu anayejitetea kwa mwajiri wake kurasa tisa.

Sasa nina swali dogo. Uliacha sidii ndani ya kompyuta. Mtu mmoja ninayemfahamu aliigusa kwa bahati mbaya, ukafunguka mchezo. Dunia imekwisha kwa vita, watu waliobaki wanatembea kwenye vumbi, kijijini kwako kuna homa, na wewe umetumwa ukamlete daktari. Huyo mtu ametembea hadi lango la mji wa kwanza. Mlinzi anamkatalia. Ameshamweleza kwa adabu mara nane. Je, kuna namna?

Si kwamba ni jambo kubwa. Anauliza tu.

Masomo yako yanaendeleaje? Baba yako anamwambia kila anayeingia dukani kwake kununua tairi la baiskeli kwamba mwakani atakuwa na mhasibu.

Ni mimi shangazi yako,
Sijaona

*

Dar es Salaam,
28 Desemba 1998

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ramadhani njema kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, joto tu linatutesa. Masomo yanaendelea.

Nisamehe kwa ile sidii. Niliisahau. Ule ni mchezo wa Majivu, ndio unaogombaniwa hapa mjini mwaka huu. Tofauti yake na michezo mingine ni kwamba haukulazimishi njia. Nchi nzima iko wazi, unakwenda unakotaka, unaongea na yeyote, na watu wanakukumbuka kwa uliyowatendea.

Mwambie huyo mtu mmoja kwamba kila anapoongea na mtu, chini yanatokea majibu manne. Kwa yule mlinzi achague la nne, adanganye kwamba yeye ni mpwa wa mkuu wa mji. Atapita.

Na mwambie asisahau kusevu, yaani kuihifadhi safari yake, kabla ya jambo lolote la hatari. Akikosea, anarudi pale pale kama hakukutokea kitu.

Mpe pole huyo mtu mmoja kwa uchovu wa njia.

Mwanao,
Razaki

*

Singida,
30 Januari 1999

Mwanangu Razaki,

Idd njema iliyopita. Barua yako imekaa njiani wiki mbili na nusu, basi lilikwama kwenye matope. Sisi wazima. Baba yako sauti imerudi. Wifi Hanifa amepika pilau ambalo limekaa siku tatu kwa sababu wageni walikuwa wachache. Walijua nyumba ina msiba. Klara amepata mchumba, mwalimu huko Nduguti, anaitwa Manase. Anachapa makosa mengi siku hizi.

Huyo mtu mmoja ni mimi. Nadhani ulishajua. Nakueleza kwa sababu mji mzima sasa unajua.

Ilikuwa hivi. Ijumaa baada ya Idd, saa tisa mchana, nilikuwa chumbani. Nilikuwa nimeshakutana na Mzee Tobo, yule fundi wa masufuria anayesukuma toroli. Alinifuata mwenyewe, sikumwomba. Anabeba mizigo yangu na analalamika. Sasa alikuwa analalamika kwa sauti, na zile spika zako ni kubwa. Wifi Hanifa akagonga mlango.

"Wifi, humo ndani kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Nimemsikia. Ni mwanamume. Anaongea Kiingereza."

Kabla sijavaa ushungi vizuri alikuwa ameshafika dukani kwa kaka yangu, yaani baba yako. Mjane wa miezi miwili na nusu, mlango umefungwa, sauti ya mwanamume ndani. Baba yako alikuja na pampu ya baiskeli mkononi. Aliingia hakunisalimu. Akatazama nyuma ya mlango, akapiga magoti akatazama chini ya kitanda, akafungua kabati. Wakati huo huo Mzee Tobo akasema nyuma yake, "Magoti yangu yatanimaliza." Baba yako akageuka na pampu juu.

Nikamwonyesha kwenye kioo. Akashusha pampu. Wifi Hanifa akachungulia kutoka mlangoni. Mwisho baba yako akavuta stuli, akakaa, akauliza, "Anauza nini kwenye toroli?"

Walikaa mpaka alasiri ikaadhiniwa. Sasa wifi anakuja kila siku na kikombe chake cha chai kuuliza tumefika wapi. Hajui Kiingereza, namfasiria.

Kwa kuwa sasa sina cha kuficha, nikupe maoni yangu, maana nimechapa barua za malalamiko za watu miaka ishirini na naona na mimi nina haki ya moja.

Kwanza yule mlinzi. Sikumdanganya. Nilizunguka nyuma ya ukuta nikakuta mfereji mkavu, nikapita. Nilifurahi, Razaki. Kuna mtengenezaji huko alikokaa alifikiria kwamba atakuja mchezaji asiyependa kusema uongo, akamchimbia mfereji. Hapo mchezo ulinipata.

Lakini watu wake wana kasoro. Hawasalimiani. Unaingia nyumba ya mtu, unafungua sanduku lake, unachukua koti lake, na mwenyewe amesimama anakutazama. Nimetafuta kitufe cha kupiga hodi, hakipo. Mimi sijachukua kitu cha mtu, ndiyo maana natembea bila viatu na kila mbwa ananing'ata.

Pili, wanasema ni miaka sabini tangu dunia iishe. Miaka sabini, na wote wanakula vyakula vya makopo. Mvua inanyesha, nimeiona. Hakuna aliyepanda hata uwele? Wangechukua wakulima watatu tu wa Kinyiramba wa huku kwetu wangekuwa wameshavuna mara sabini na wanauziana kuku. Wifi anasema hiyo si dunia iliyokwisha, hiyo ni Oktoba kabla ya mvua.

Tatu, na hili ndilo limeniudhi. Wameniambia niharakishe, watu wanakufa kwa homa. Nikaharakisha mpaka nikaugua mimi. Halafu nikagundua kwamba hata nikizurura siku arobaini, wagonjwa wapo vile vile wanasubiri. Hawafi, hawaponi. Aliyeandika hayo hajawahi kukaa na mgonjwa akisubiri gari.

Wasalimie wenzako wa chuoni.

Shangazi yako,
Sijaona

*

Dar es Salaam,
3 Februari 1999

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka mpaka machozi. Namwona baba na ile pampu. Hongera kwa Klara, na umwambie Manase ana bahati. Mimi mzima, nimepungua kidogo.

Barua yako nimemsomea rafiki yangu Simeoni, na Simeoni amewasomea wateja. Watu wawili walikuwa wamerudisha sidii zao wakisema mchezo ni mkubwa lakini ndani mtupu, wakashindwa kueleza kwa nini. Wakasema huyo mama ameeleza. Simeoni amenakili ile sehemu ya uwele, ameibandika ukutani juu ya printa. Bosi naye ameipenda, anataka kujua mama huyo anaonaje mji wa pili, maana wengi wanaishia hapo. Hapa dukani tunasema

Namaanisha hapa chuoni. Kuna duka karibu na chuo.

Niambie, shangazi, kama kasoro ni nyingi hivyo, kwa nini bado unacheza?

Mwanao,
Razaki

*

Singida,
12 Februari 1999

Mwanangu,

Wote wazima. Mahindi yamechanua. Baba yako anaulizia matokeo yako ya muhula, nimemwambia mitihani ya uhasibu husahihishwa polepole kwa sababu ni hesabu.

Mji wa pili ni mbaya. Mwambie huyo bosi wa duka lililo karibu na chuo kwamba watu kumi na wanne wamenituma vitu vile vile: niletee hiki, nipelekee kile, ua panya wa ghalani. Nikawa kama tarishi wa mkoa. Na ukiwasemesha mara ya pili wanarudia maneno yale yale. Mji wa kwanza nilimpa bibi mmoja maji, na niliporudi alikuwa amewaambia majirani. Hilo ndilo linalonifanya niendelee, kwa kuwa umeuliza. Si ukubwa wa nchi. Ni kwamba nilitenda kitu na kikabaki kimetendeka.

Lakini leo nina jambo moja, unijibu haraka, barua umpe dereva wa basi mkononi.

Tumefika darajani. Majambazi wanakuja kutoka nyuma, Mzee Tobo anaachia toroli na kushika kamba ya daraja ili mimi nivuke. Nikivuka, anauawa. Nimerudi pale nilipohifadhi nikajaribu tena. Nimemtanguliza yeye, anarudi nyuma mwenyewe. Nimewapa majambazi kila nilicho nacho, wanachukua na kumuua. Nimemwambia abaki mjini, ananifuata. Nimevuka bila kusema neno, nimevuka baada ya kusema yote. Mara kumi na moja.

Lazima kuna mfereji mahali. Wewe unaujua huu mchezo. Niambie uko wapi.

Shangazi yako

*

Dar es Salaam,
20 Februari 1999

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Hakuna mfereji. Nimeuliza kila anayejua, Simeoni amefungua hata kijitabu kilichokuja na kasha. Mzee Tobo anakufa darajani kwa kila mchezaji, vyovyote afanyavyo. Waliotengeneza waliamua hivyo. Watu wengi wamekasirika, wanasema mchezo unakuahidi uhuru halafu pale unapouhitaji unakufunga mikono. Samahani. Ningejua nisingekuachia sidii ile wakati huu.

Shangazi, pumzika nao kidogo.

Jambo jingine. Baba ameniandikia kwamba eda ikiisha duka linafungwa, na wewe unahamia Iguguno kwa shangazi Hanifa, na kwamba umekubali. Umeniandikia kuhusu uwele na panya, hili hukuniandikia. Ni kweli umekubali?

Mwanao,
Razaki

*

Singida,
21 Machi 1999

Mwanangu Abdulrazaki,

Najua umengoja mwezi mzima. Sikuwa na la kuandika. Sasa nina.

Sote wazima. Eda imekwisha tarehe kumi. Nimeoga, nimebadili nguo, nimetoka nje nikaona walivyochimba mtaro wa maji mbele ya nyumba vibaya. Uwele unaanza kukomaa. Manase ameleta barua ya posa kwa kina Klara, niliichapa mimi, kwa hiyo haina makosa.

Nianze na Mzee Tobo. Ulipoandika kwamba hakuna njia sikukuamini. Nilijaribu tena siku hiyo hiyo, wifi amekaa pembeni na chai yake. Alipoanguka nikanyoosha mkono nirudi nyuma kama kawaida. Wifi akanishika kiganja. Akasema, "Mwache, wifi. Umeshamuua mzee wa watu mara kumi na mbili. Mwache apumzike."

Nikamwacha. Tukalia, mimi na yeye, tangu alasiri mpaka magharibi. Tulipozika hatukulia hivyo, watu walikuwa wengi na kulikuwa na vyakula vya kusimamia. Marehemu alikuwa mume wangu na alikuwa kaka yake, na miezi mitatu tuliishi nyumba moja tunaongea habari za chumvi.

Kesho yake nikavuka daraja peke yangu. Toroli lilibaki upande wa pili. Nilimfikisha daktari kijijini mwishoni mwa Februari. Mwisho wake ni mfupi mno, mwambie bosi: umetembea nchi nzima, halafu unapewa maandishi kidogo na ngoma. Hata mkutano wa kijiji haukuitishwa.

Sasa Iguguno. Sikukubali. Hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kukubali au kukataa. Baba yako alipanga na wakwe siku ya saba ya msiba, akanieleza kwa wema kabisa, akaniletea na sukari.

Siku ya pili baada ya eda walikuja kikao: baba yako, wifi, na wazee wawili wa upande wa marehemu. Baba yako akaeleza lini gari litakuja kuchukua vitu. Alipomaliza wote wakanitazama niseme asante.

Unajua ni kitu gani kwenye ule mchezo sikukuandikia? Kila mtu akimaliza kusema, kompyuta inasimama. Inakungoja. Unaweza kwenda kupika ukarudi, bado inangoja useme wewe, na hakuna kinachoendelea duniani mpaka useme. Karibu miezi mitatu nimeongea na watu wa namna hiyo. Nilikuwa nimezoea.

Nikasema, "Kaka Ahmadi, sijajibu."

Akasema, "Kujibu nini?"

"Siendi Iguguno. Duka nalifungua Jumatatu."

Mzee mmoja akasema mjane hawezi kukaa peke yake mjini. Nikamwuliza ni nani anayechapa barua zake za kudai kiwanja. Baba yako akaanza kupandisha sauti, nikasubiri ashuke, akashuka. Kisha wifi Hanifa, ambaye Iguguno ni kwake na mpango ulikuwa wake, akasema, "Mimi nilitaka mtu wa kukaa naye. Lakini huyu hawezi kukaa pasipo na umeme." Ndivyo kikao kilivyokwisha. Wifi anarudi kwake Alhamisi. Ameomba niwe namwandikia, na mwanawe atamsomea.

Duka limefunguliwa. Jumatatu kulikuwa na watu tisa kwenye benchi.

La mwisho, Razaki. Chuo kipi cha uhasibu kina bosi, printa, wateja wanaorudisha sidii, na Simeoni? Nilijua tangu Februari. Sijamwambia baba yako na sitamwambia, si kazi yangu. Lakini mimi nimesema langu mbele ya wazee wanne. Wewe una karatasi na kalamu, na yeye yuko maili mia nne, hawezi hata kukufikia na pampu.

Shangazi yako,
Sijaona

*

Dar es Salaam,
2 Aprili 1999

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Idd njema iliyopita.

Niliacha chuo Agosti mwaka jana. Sikufukuzwa. Nilikuwa nakaa darasani natazama daftari la hesabu kama mtu anayetazama ukuta. Hapa dukani natengeneza kompyuta zilizokufa, na ninazifufua, shangazi, saba kati ya kumi. Nilitaka kukwambia kwenye msiba, nikaona si wakati. Halafu kila wakati ukawa si wakati.

Nimemwandikia baba. Nimeandika yote, kurasa nne, leo asubuhi nimeitia posta kabla sijala, maana nikishiba naogopa zaidi. Ikifika kwake utazisikia kelele zake ukiwa dukani kwako. Naomba unitetee kidogo tu.

Mwanao,
Razaki

*

Singida,
17 Aprili 1999

Mwanangu,

Wazima. Alizeti zimeinamisha vichwa, karibu zivunwe. Klara anaolewa Juni na ameniletea mdogo wake Damari nimfundishe kibodi.

Barua yako ilimfikia baba yako Jumatano. Sikusikia kelele. Alhamisi hakufungua duka. Ijumaa baada ya sala alikuja kwangu, akapanga foleni kwenye benchi kama mteja, mbele yake watu watatu, na akakataa kupitishwa. Ilipofika zamu yake akakaa, akasema, "Nataka barua ichapwe. Mwandiko wangu mtu aliyekwenda shule ataucheka."

Nikaweka vidole tayari. Akaanza.

Ukurasa wa kwanza sitakuandikia. Ulikuwa na babu yako ndani, na karo, na jina lako lote mpaka la ukoo. Alipomaliza akaniambia nisome. Nikasoma kwa sauti. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Futa hiyo."

Nikafuta. Akashangaa kwamba imekwenda kabisa. "Haibaki hata alama?" Nikamwambia haibaki.

Akaanza upya. Ya pili ilikuwa fupi na mbaya zaidi. Futa hiyo. Ya tatu ilikuhusisha na marafiki wabaya, hasa Simeoni. Futa. Ya nne alisema hana mtoto. Alipoisikia nikiisoma alisimama akaenda mlangoni, akawatazama watu wanapita, akarudi, akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo ifute haraka." Ya tano alianza kunieleza mimi, si wewe, jinsi alivyokuwa anataka kuwa fundi wa saa, na baba yetu akampa duka la vipuri. Mimi dada yake, miaka hamsini na moja, sikuwa najua. Nilichapa yote. Akaniambia nifute na hiyo, nami nikafuta, ingawa iliniuma.

Watu kwenye benchi walikuwa wamefika sita na hakuna aliyelalamika.

Ya sita ndiyo hii. Nimeichapa kwenye karatasi nzuri, ameweka sahihi mwenyewe, na nimeikunja ndani ya bahasha hii hii kwa sababu hakutaka kwenda posta akaonekana. Inasema:

"Razaki. Barua yako nimeisoma. Redio yangu haishiki stesheni tangu Januari. Njoo na vifaa vyako. Baba yako, Ahmadi."